Mashtaka Dhidi ya Hawa: Maneno Madogo na Hukumu Kubwa

Katika makala haya nakusudia kuirudia kesi ambayo wengi wetu tunaihesabu kuwa ilikatwa zamani. Mshtakiwa ni Hawa, mke wa Adamu. Mashtaka yake kila mtu anayajua: kwamba alidanganywa na nyoka, akala tunda lililokatazwa, kisha akamwendea mumewe aliyekuwa hana habari, akamrai mpaka naye akala, na kwa sababu hiyo sisi sote tunatoka jasho, tunaugua na kufa. Mara ya mwisho niliyasikia hayo katika arusi ya mwanafunzi wangu wa zamani. Mhubiri alimgeukia bibi arusi akamtahadharisha asije akawa Hawa wa pili. Bwana arusi hakutahadharishwa kitu. Siku chache baadaye bibi arusi yule alinijia na swali moja: "Mwalimu, hayo ya kumwendea mumewe yameandikwa wapi?" Sikuwa na jibu, nami nilikuwa nimeisikia hadithi hiyo tangu utotoni.

Na tuanze na Kitabu cha Mwanzo. Katika sura ya pili, amri ya kutokula matunda ya mti wa ujuzi wa mema na mabaya inatolewa kabla mwanamke hajaumbwa. Inatolewa kwa mtu mmoja, katika umoja. Kiebrania, kama Kiswahili, hutenganisha umoja na wingi katika nafsi ya pili, jambo ambalo Kiingereza cha siku hizi hakiwezi. Tafsiri ya Muungano ya mwaka 1952 iliihifadhi tofauti hiyo barabara. Amri yaja kwa kiambishi u-: "usile". Nyoka anapofungua kinywa katika sura ya tatu, kiambishi ni m-: "msile". Anayejibu ni mwanamke peke yake, lakini anayesemeshwa si yeye peke yake. Basi yule mwingine yuko wapi?

Aya ya 6 inajibu. Hapo, baada ya kutajwa mume, Kiebrania kina neno moja dogo, *imma*, maana yake "pamoja naye". Mwanamke alimpa mumewe aliyekuwa pamoja naye. Neno hilo halimo katika tafsiri ya Kilatini ya Jerome, iliyosomwa Ulaya ya magharibi kwa zaidi ya miaka elfu. Tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1611 inalo. Ile ya Marekani ya mwaka 1952 haina, na likarejeshwa katika sahihisho la mwaka 1989. Katika tafsiri yetu ya Muungano pia limeachwa: tunaambiwa tu kwamba alimpa na mumewe. Sisemi kwamba wafasiri wetu walikuwa na nia mbaya. Nasema kwamba pengo limebaki, na msimuliaji hapendi pengo. Hapo ndipo ilipoingizwa ile safari ya Hawa kumtafuta mumewe bustanini, na maneno yake matamu, na machozi yake.

Yuko atakayesema kwamba neno hilo linaonyesha tu kuwa Adamu alikuwa mwenziwe, wala halithibitishi kwamba alisimama pale akisikiliza mazungumzo yote. Hoja hiyo si ya kudharauliwa. Lakini ukilitia neno hilo mizanini pamoja na ule wingi wa nafsi ya pili, uzito unaelemea upande wa kuwapo kwake. Ni kweli vilevile kwamba aya ya 17 inamlaumu Adamu kwa kuisikiliza sauti ya mkewe. Hata hivyo anayelaumiwa hapo ni msikilizaji. Na wa kwanza kumshtaki Hawa ni huyo huyo Adamu, alipoulizwa la kwake akajibu la mkewe.

Tumezoea pia kusema "laana ya Hawa". Nimezisoma aya hizo mara nyingi nikilitafuta neno laana. Nyoka analaaniwa. Ardhi inalaaniwa kwa ajili ya Adamu. Mwanamke anaambiwa habari ya uchungu wa kuzaa na ya kutawaliwa na mumewe, nayo ni mazito, lakini neno la laana halitamkwi juu yake.

Nilipokuwa nikisomea shahada ya pili ng'ambo, niliikuta makala ya Phyllis Trible, mtaalamu wa Agano la Kale wa Marekani, iliyotoka mwaka 1973. Yeye alionyesha kwamba mwanamke katika hadithi hii anafikiri, anajadili na kupima, ilhali mwanamume hasemi kitu. Anapokea na kula. Alionyesha pia kwamba neno la Kiebrania *ezer*, ambalo kwetu limekuwa "msaidizi", aghalabu hutumika katika Biblia kwa Mungu mwenyewe anapowaokoa watu wake. Katika Kiswahili cha leo msaidizi ni mtu wa chini: msaidizi wa mkurugenzi, msaidizi wa nyumbani. Mwanamke anashushwa cheo kabla nyoka hajatokea.

Hukumu kali zilikuja baadaye. Yoshua bin Sira, mnamo karne ya pili kabla ya Kristo, aliuweka mwanzo wa dhambi kwa mwanamke. Waraka wa Kwanza kwa Timotheo unasema aliyedanganywa ni mwanamke, si Adamu. Lakini katika Waraka kwa Warumi, sura ya tano, dhambi inaingia ulimwenguni kwa mtu mmoja, naye ni Adamu. Wahubiri wetu huupenda zaidi ule wa kwanza. Mnamo mwaka 200 Tertullian wa Carthage, Mwafrika wa kaskazini, aliwaambia wanawake kwamba kila mmoja wao ni Hawa, na ndiye lango la Shetani.

Kwa Waislamu kesi ni nyingine kabisa, ingawa masimulizi ya mitaani hayaonyeshi hivyo. Kurani haimtaji Hawa kwa jina. Inamwita mke wa Adamu. Katika sura ya Al-Aaraf Shetani anawatia wasiwasi wote wawili, wanakula wote wawili, na wote wawili wanaomba msamaha kwa kauli moja. Kiarabu kina umbo maalumu la watu wawili, *-huma*, lisilokuwamo katika Kiswahili. Kiambishi chetu -wa- chaweza kuwa wawili au mia, na mfasiri hulazimika kuongeza "wote wawili" ili maana isipotee. Katika sura ya Taha anayenong'onezwa ni Adamu, na anayetajwa kuwa aliasi ni Adamu. Hawa aliyemponza mumewe aliingia kwa mlango mwingine. Ipo hadithi katika Bukhari na Muslim inayomtaja Hawa kuwa chanzo cha wake kuwahini waume, na wanazuoni wamehitilafiana juu ya maana yake. Na zipo riwaya alizozikusanya Al-Tabari, aliyekufa mwaka 923, mojawapo ikidai kwamba alimnywesha mumewe ulevi kwanza.

Lugha yetu nayo imeongeza chumvi. Jina Hawa katika Kiarabu laanza na *ha* ya kooni, na Kitabu cha Mwanzo chalifungamanisha na uhai: mama wa wote walio hai. Neno *hawaa*, yaani matamanio ya nafsi, laanza na *ha* nyepesi, nalo halina udugu na jina hilo. Katika Kiswahili sauti hizo mbili zimekuwa moja, na nimewasikia watu wazima wakieleza kwa yakini kabisa kwamba Hawa aliitwa hivyo kwa sababu ya hawaa zake. Isitoshe, tunapotaja utu wetu tunasema "binadamu", wana wa Adamu. "Binti Hawa" tunamkumbuka tunapotaka kumtongoza mwanamke au kumsuta.

Kuhusu Mwanzo 3:6, pendekezo langu kwa watakaoipitia upya tafsiri ya Muungano ni kwamba baada ya neno "mumewe" yatiwe maneno matatu, "aliyekuwa pamoja naye". Bibi arusi yule nimemwandikia hivyo, na ameniomba nimpe nakala ya kumpelekea mhubiri.