Bibi wa Marumaru

Nimekulia Mwanza, kando ya ziwa lenye jina lake. London nikamkuta mwenyewe, Malkia Victoria, ameketi akiipa mgongo Kasri ya Buckingham. Thomas Brock alimchonga kwa marumaru nyeupe. Mnara wote una kimo cha mita 25 hivi, na kileleni Ushindi, mwanamke mwenye mabawa, anang'aa kwa dhahabu.

Nikakaa kwenye ngazi, namenya chungwa, nikiiwaza Mei 16, 1911. Siku hiyo Mfalme George wa Tano aliuzindua, na binamu yake, Kaisari Wilhelm wa Ujerumani, alikuwepo. Wote wajukuu wa bibi huyu. Mwaka 1914 nchi zao zikapigana. 1916 Waingereza wakaitwaa Mwanza kutoka kwa Wajerumani. Tembo walikuwa wao, nyasi tukawa sisi.