Dakika 12 za kuruka au saa nzima ya kutembea, kipi kinapunguza kitambi?

Dar es Salaam. Saa 11 alfajiri, watoto wakiwa bado wamelala, dada yangu alikuwa akiruka sebuleni. Simu ameiegesha kwenye kopo la maziwa, binti wa kwenye video anahesabu kwa furaha, naye anajitahidi kumfuata: kuruka mikono ikipanda juu, kuchuchumaa, kujitupa chini, kunyanyuka tena. Dakika 12 tu kwa siku, video iliahidi. Siku ya tisa goti la kushoto likavimba, na mpangaji wa chini akapanda kuuliza kwa upole kama kuna tatizo.

Alikuwa na sababu ya kuruka. Alipopimwa kliniki aliambiwa sukari yake imepanda, haijafikia kisukari lakini iko njiani, apunguze uzito. Mama yetu yuko kwenye dawa za kisukari tangu sisi tukiwa shule ya msingi, kwa hiyo maneno yale hayakumwingia kama ushauri wa kawaida. Ana miaka 36, kilo 82 na watoto wawili, wa mwisho ana mwaka mmoja na nusu. Anatoka nyumbani Mbagala saa 12 kasoro kwenda kazini Kariakoo na anarudi saa 1 usiku. Akanipigia simu: mdogo wangu, wewe ndiye mwandishi wa afya, nipe jibu moja, nifanye haya makali ya haraka au nitembee?

Jibu fupi ni kwamba kwa mafuta ya mwilini, vyote viwili vinakaribiana sana.

Mwaka 2017 watafiti walikusanya matokeo ya majaribio yaliyolinganisha mazoezi makali ya vipindi vifupi na yale ya wastani ya muda mrefu kwa watu wazima wenye uzito uliozidi. Pande zote mbili zilipunguza mafuta na kiuno kwa kiwango kinacholingana. Tofauti ilikuwa muda: waliofanya mazoezi makali walitumia karibu asilimia 40 pungufu. Kwa hiyo anayechagua makali anaokoa muda, lakini hapungui zaidi ya mwenzake.

Hapo ndipo maneno mengi ya jimu na ya kwenye simu yanapoanguka. Kuna wanaosema utembee taratibu kwa sababu mwendo mdogo ndio unaochoma mafuta. Ni kweli nusu. Ukienda taratibu, sehemu kubwa ya nishati unayotumia hutoka kwenye mafuta, lakini jumla ya nishati yenyewe ni ndogo. Wengine wanasema ukiruka dakika chache mwili unaendelea kuunguza mafuta hadi kesho yake. Hilo nalo lipo, ila kiasi chake ni kidogo, hakitoshi kufuta hata chapati moja.

Zile sekunde 20 za kujikamua na 10 za kupumzika, mara nane, zinazojulikana kama Tabata, zimetokana na jina la Izumi Tabata, mtafiti wa Japan ambaye pamoja na wenzake walichapisha utafiti wao mwaka 1996. Waliopimwa walikuwa vijana wa kiume wenye mazoea ya mazoezi, wakiendesha baiskeli ya maabara hadi wanachoka kabisa. Kilichotafutwa kilikuwa pumzi na stamina, wala si kitambi. Tangu hapo zoezi limesafiri hadi sebuleni kwa mama wa watoto wawili ambaye hajakimbia tangu kidato cha nne.

Linaloleta tofauti ni mwili wako

Nilipomuuliza zaidi, dada alishusha sauti akanieleza jambo ambalo hakulitaja mwanzo: akiruka, mkojo unachuruzika kidogo. Alidhani ndiyo hali ya kila aliyezaa. Hutokea kwa wengi, lakini si jambo la kunyamazia. Ujauzito na uzazi hulegeza misuli ya chini ya nyonga inayoshikilia kibofu, na kurukaruka kabla haijapata nguvu huongeza tatizo. Misuli hiyo ina mazoezi yake, ya kuikaza kama mtu anayezuia mkojo kisha kuiachia, na mtaalamu wa fiziotherapia anaweza kukuelekeza. Aliyejifungua karibuni, hasa kwa upasuaji, asianze kuruka kabla ya kuzungumza na mtoa huduma wake.

Mwenye presha isiyodhibitiwa, mwenye tatizo la moyo na anayetumia insulini au baadhi ya vidonge vya kisukari, ambavyo vinaweza kushusha sukari ghafla wakati wa mazoezi, nao waanzie kwa daktari. Na akina baba, msicheke. Kukaa kwenye kiti siku sita halafu Jumapili kucheza mpira dakika 90 na vijana wa mtaa ni mazoezi makali pia. Maumivu ya kifua, kizunguzungu au kuishiwa pumzi kusiko kwa kawaida maana yake ni kuacha palepale na kwenda hospitali.

Namna ya kujua uko kiwango gani haihitaji saa ya bei kubwa. Ukiweza kuongea lakini huwezi kuimba, uko kwenye wastani. Ukiweza kutoa maneno machache tu kabla ya kuvuta pumzi, hayo ni makali. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za wastani kwa wiki, au 75 hadi 150 za makali, au achanganye, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili. Mwongozo wake wa mwaka 2020 uliondoa sharti la zamani kwamba kila kipindi kifike dakika 10. Ngazi unazopanda haraka zinahesabiwa.

Kuna hesabu nyingine isiyopendeza. Mtu wa kilo 70 akitembea kwa haraka nusu saa hutumia takribani kalori 150. Soda moja ya mililita 330 ina karibu 140. Kwa hiyo yeyote anayekuuzia zoezi bila kugusa sahani anakudanganya, liwe kali au pole. Dada alikuwa akimaliza kuruka anajipongeza kwa vitumbua vitatu na chai ya sukari kituoni.

Kilichonifanya nimshauri atembee ni utafiti mwingine, wa Marekani, uliotangazwa mwaka 2002. Zaidi ya watu 3,000 waliokuwa kwenye hali kama yake, sukari imepanda lakini si kisukari, walifuatiliwa kwa karibu miaka mitatu. Waliolengwa kupunguza asilimia 7 ya uzito kwa mlo na dakika 150 za mazoezi kwa wiki, wengi wao wakitembea tu, walipunguza hatari ya kupata kisukari kwa asilimia 58. Waliopewa dawa ya metformin walipunguza kwa asilimia 31. Asilimia 7 ya kilo 82 ni kama kilo 6.

Kutembea nako kuna shida zake huku kwetu. Usiku barabara ya mtaani kwake haina taa, na mchana jua la Kariakoo halifai. Tulikubaliana ashuke daladala Bendera Tatu asubuhi na kumalizia kwa miguu, dakika 20 za mwendo wa haraka, siku sita. Jumapili anatembea na watoto hadi kwa mama, yule mdogo mgongoni. Goti lilipotulia aliongeza ukali kidogo siku mbili kwa wiki: anapanda ngazi za nyumba yao haraka, anashuka polepole, mara sita. Hakuna kuruka. Mpangaji wa chini naye amepumzika.

Vitumbua amebakiza kimoja, Jumamosi.

Miezi mitatu imepita. Amepungua kilo 3, na kwa futi ya fundi cherehani kiuno kimetoka sentimita 98 hadi 94. Kwa mwanamke hatari huanza kupanda kikivuka 80, kwa mwanaume 94, hivyo bado ana safari. Kipimo cha sukari kinarudiwa mwezi ujao, na amenitaka nimsindikize.