Kisanduku cha Urembo cha Kila Mwezi: Tulichokipaka na Tulichokiacha



Kujipamba si jambo geni kwetu watu wa Pwani. Kabla ya kuja krimu za vichupa, mama zetu walijisinga kwa liwa, wakajifukiza udi, wakavaa vikuba vya asmini na rihani, wakatia hina mikononi na wanja machoni. Sheria haikuwakataza, bali imehimiza mke na mume wajipambe kila mmoja kwa ajili ya mwenziwe, na hilo la mume wengi wetu hulisahau. Kwa hivyo, tunapoandika habari za vipodozi katika ukurasa huu, hatukuja kuwanyang'anya mama na dada zetu vikopo vyao. Tumekuja na neno moja: mtu asipake mwilini mwake kitu asichokijua.

Neno hilo limekuwa zito zaidi siku hizi, kwa kuwa kipodozi hakingoji tena mtu akifuate dukani. Huko Ulaya na Marekani kuna biashara ya visanduku vya urembo vya kila mwezi. Mteja hueleza ngozi yake ilivyo, nywele zake na rangi azipendazo, kisha hutoa nambari ya kadi yake ya benki. Kila mwezi hupelekewa kisanduku chenye vichupa vidogo vinne au vitano vya kujaribia, na mara nyingi si yeye aliyevichagua. Biashara hii ilipata umaarufu kuanzia mwaka 2010, pale wanawake wawili waliosoma pamoja Chuo Kikuu cha Harvard, Katia Beauchamp na Hayley Barna, walipoanzisha kampuni ya Birchbox mjini New York, kwa ada ya dola 10 kwa mwezi. Mwaka uliofuata ikaanzishwa Glossybox mjini Berlin, na nyingine nyingi zikafuata.

Hesabu yake si ngumu. Watengenezaji hutoa sampuli bure au kwa bei ndogo ili zijulikane. Kampuni huzipanga ndani ya kisanduku kizuri na kuzituma, na mteja akipendezwa na kimoja hununua chupa kubwa kwa bei kamili. Wazee walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hapa vyote viwili vyajitembeza, tena vimefungwa karatasi moja, na kazi ya kuvitenganisha ameachiwa mwenye ngozi.

Visanduku hivi vimeanza kuingia majumbani mwetu kupitia jamaa walioko ng'ambo. Mpwa wetu anayeishi Uingereza alituletea vitatu, vya miezi mitatu mfululizo, kwa mkono wa jamaa aliyekuja likizo. Tukaona ni fursa njema ya kuvijaribu kwa utaratibu na kuwaandikia wasomaji yaliyojiri. Waliojaribu walikuwa watatu: ahali yetu, ambaye ngozi yake ni kavu, mkaza mwana wetu, anayenyonyesha, na binti yetu wa miaka 17. Sisi tulipewa kazi ya kusoma maandishi na kuandika daftari, pamoja na krimu moja ya mikono ambayo haikuwa na harufu ya kike. Jina la kampuni hatulitaji, maana hatukukusudia kuipigia debe wala kuiharibia soko.

Wiki ya kusoma

Wiki ya kwanza hakuna aliyepaka chochote. Tulisoma, tena kwa kioo cha kukuzia, kwa kuwa maandishi ni madogo mno.

La kwanza la kujua ni kuwa orodha ya viungo hupangwa kuanzia kilicho kingi hadi kilicho kidogo, isipokuwa vile visivyofika asilimia 1, ambavyo vyaweza kupangwa vyovyote. Neno "aqua" ni maji, nalo mara nyingi huwa la kwanza. Neno "parfum" ni manukato, na chini ya neno hilo moja vyaweza kukaa viungo vingi visivyotajwa. Krimu moja ilijinadi mbele kwa herufi za dhahabu kuwa ni ya mafuta ya argan. Tulipoigeuza nyuma, mafuta hayo tuliyakuta karibu na mwisho wa orodha, baada ya manukato.

La pili ni ule mchoro wa kikopo kilichofunguliwa, chenye 6M au 12M ndani yake. Maana yake ni miezi ambayo kitu hicho hufaa tangu kilipofunguliwa. Ahali yetu sasa huandika tarehe ya kufungua kwa kalamu chini ya kila chupa.

Vipakiti viwili havikuwa na orodha yoyote, kwa kuwa orodha ilibaki kwenye kasha la nje ambalo hatukupewa. Hivyo viwili tuliviweka kando na havikujaribiwa kabisa.

Masuala ya dini

Wengi huona neno "alcohol" katika lebo wakakitupa kitu, na kumbe majina hayo si sawa. "Cetyl alcohol" na "cetearyl alcohol" ni vitu vya mafuta, vigumu kama nta, wala havilevyi. Kinachofaa kuulizwa hukumu yake ni "alcohol denat.", ambayo ni spiriti yenyewe. Glisirini nayo yaweza kutoka kwa mimea au kwa mafuta ya wanyama, na lebo aghalabu haisemi. Anayetaka yakini atafute chenye alama ya halali ya taasisi inayoaminika.

Rangi ya mdomo iliyokuwemo ilikuwa na kiungo kiitwacho "carmine", ambacho pia huandikwa CI 75470. Hiyo ni rangi nyekundu itokayo kwa mdudu mdogo anayekaushwa na kusagwa. Wanazuoni wamehitilafiana juu yake. Wengi katika madhehebu yetu ya Shafi huona mdudu aliyekufa ni najisi, ilhali Baraza la Maulamaa la Indonesia, nchi ambayo nayo ni ya Shafi, lilitoa fatwa mwaka 2011 ya kuiruhusu. Kwa kuwa kilicho mdomoni huingia tumboni, nyumbani kwetu tulichagua kuiacha. Aliyefuata fatwa ile hatumlaumu.

Rangi ya kucha iliandikwa kuwa yapitisha hewa na maji. Tulipaka juu ya karatasi laini ya kuchujia, tukaiacha ikauke, tukaidondoshea maji. Tone lilikaa juu kama lulu hadi tulipolifuta. Udhu hutaka maji yafike kwenye kiungo chenyewe, na hapa hayakufika. Hina ni tofauti, kwa sababu ikishaoshwa hubaki rangi tu bila ya gamba. Aliye katika siku zake, ambaye hana swala, na apake apendavyo, mradi aiondoe yote kabla ya kukoga.

Jaribio la kiwiko

Kwa vilivyobaki tulifuata njia wanayoshauri madaktari wa ngozi. Mtu huchukua kiasi kidogo, akapaka mahali pamoja ndani ya kiwiko, asubuhi na jioni, kwa siku saba hadi kumi. Ikiwa hapakuwasha, hapakuvimba wala hapakuwa pekundu, ndipo hupeleka usoni. Na hujaribu kitu kimoja kwa wakati mmoja, maana akipaka vitano siku moja na ngozi ikaharibika, hatajua wa kumshitaki.

Siku ya tatu, mkaza mwana wetu aliwashwa kiwikoni na losheni ya mwili yenye manukato makali. Aliiacha, akaosha, na baada ya siku chache pakatulia. Lau angeanza kuipaka mwili mzima, na mtoto anamlaza kifuani, habari ingekuwa nyingine. Sabuni ya uso ilimfaa yeye na binti yetu. Ahali yetu alipendezwa na krimu ya usiku, ila alisema mafuta ya nazi aliyoyazoea yalimfanyia kazi ile ile miguuni. Krimu ya mikono ilitufaa, nayo ilikwisha baada ya siku kumi na mbili, kwa udogo wa kichupa.

Jaribio hili haliwahusu wazungu peke yao. Hata vya kwetu vina hatari yake. Hina halisi hutoa rangi ya machungwa hadi kahawia, tena kwa saa nyingi. Ile iitwayo piko, inayotoka nyeusi tititi kwa muda mfupi, ni dawa ya kutilia nywele rangi, na kemikali iliyomo hutoa malengelenge na makovu kwa baadhi ya watu. Wanja wa mawe nao waweza kuwa na madini ya risasi, hivyo haufai kabisa kwa macho ya watoto wachanga.

Swali la binti yetu

Katika kisanduku cha pili mlikuwa na krimu iliyoandikwa kuwa hung'arisha uso. Binti yetu aliishika, akauliza: "Baba, hii yatoa weusi?"

Kabla hatujajibu, mamake alisema: "Nani kakwambia weusi ni uchafu, hata utolewe?"

Krimu ile haikuwa ya kuchubua. Lakini swali lilitushughulisha, tukamuuliza kwa upole limetoka wapi. Alinyamaza, kisha akaingia chumbani na kurudi na kikopo cheupe, kidogo, kisicho na jina wala orodha. Alikinunua kwa mwenziwe wa shule, na ilikuwa siku ya nne anakitumia usoni. Tunayaandika haya kwa idhini yake, kwa kuwa alisema wapo wengine.

Hatukumkemea. Kesho yake tulimpeleka kwa daktari wa ngozi, ambaye alitueleza kuwa kikopo kama hicho hakijulikani kina nini mpaka kipimwe maabara, na kwamba katika krimu za kuchanganya hukutwa mambo matatu. La kwanza ni zebaki, ambayo huharibu figo na mishipa ya fahamu, na ambayo hupita kwa mikono na taulo hadi kwa mtoto asiyeipaka. La pili ni haidrokwinoni, ambayo ikitumiwa muda mrefu huacha ngozi ikiwa na madoa meusi ya kibuluu yasiyotoka. La tatu ni dawa za steroidi, kama klobetasoli na betamethasoni, ambazo ni tiba zikiwa mkononi mwa daktari, lakini zikitumiwa ovyo huifanya ngozi kuwa nyembamba mithili ya karatasi. Aliyekwishatumia vitu hivi kwa miezi asiviache kwa ghafla bila ya kumwona daktari, maana steroidi zikikatwa ghafla ngozi yaweza kuwaka. Binti yetu alikuwa na siku nne tu, na ngozi yake, alhamdulillah, ni salama.

Zebaki katika vipodozi imekatazwa na Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, ambao Kenya ni miongoni mwa nchi zilizoutia saini. Kwenye lebo hujificha kwa majina kama "calomel", "mercurous chloride" na "mercurio". Lakini hakuna lebo inayomlinda aliyenunua kikopo kisicho na lebo. Linalomlinda ni anayoyasikia nyumbani. Binti husikia katika maharusi yetu bi harusi akisifiwa kwa weupe wake kabla ya kusifiwa kwa tabia yake. Husikia mtoto mchanga akitazamwa masikio ili ijulikane atakuwa mweusi au la. Aliyeumba rangi hakukosea, na sisi wazazi tukilisema hilo msikitini, tulirudie chakulani mbele ya mabinti zetu.

Mkataba wa kisanduku

Limebaki suala la kujiandikisha. Katika fiqhi ya biashara, kinachouzwa sharti kijulikane aina yake, kiasi chake na thamani yake. Kulipia usichokijua ni gharar. Zipo kampuni zinazomwonyesha mteja vilivyomo kabla hazijakata fedha na kumruhusu akatae. Hizo ndizo zilizo karibu na usalama. Aidha, kadi huendelea kukatwa kila mwezi mpaka mwenyewe asimamishe. Kabla ya kujua njia ya kuingia, ulizeni njia ya kutoka, na muweke ushahidi wa siku mliyotoka.

Tulipofunga daftari, kati ya vitu kumi na vinne vya visanduku vitatu, vilivyobaki vikitumika nyumbani ni vinne. Tulimwandikia mpwa wetu kumshukuru, tukamwomba fedha za mwezi ujao awanunulie wenziwe sabuni moja ya uso, chupa kubwa, iliyokwishajaribiwa. Ahali yetu na binti yetu Ijumaa iliyopita walikaa uani wakitwanga singo: waridi kavu, karafuu, liwa na mlangilangi. Hiyo nayo ilipakwa kiwikoni kwanza.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.