Ukikopi rekodi za shamba kwenye Excel, hakikisha fomati nayo imehama

Leo tuwape mapumziko kantangaze na viwavijeshi. Fungua Excel kwenye kompyuta, faili jipya, halafu kwenye seli moja andika 17:17:17, ile NPK tunayoijua wote. Inaonekana sawa, si ndiyo? Chini yake andika 23:10:5, ile ya nafaka. Utaona imegeuka kuwa 23:10:05. Hiyo sifuri imetoka wapi? Excel imedhani unaandika saa. Kwake hiyo si mbolea, ni saa tano na dakika kumi usiku na sekunde tano.

Sasa kopi hizo seli mbili na uzipesti kwenye faili lingine kama thamani tupu, bila fomati. Utapata 0.720335648 na 0.965335648. Hesabu yake ni rahisi: Excel inatunza saa kama kipande cha siku, na saa tano usiku siku inakaribia kwisha, ndiyo maana namba inakaribia 1. Ile 17:17:17 nayo ilikuwa saa tangu mwanzo, ila ilijificha kwa sababu inafanana na ulichoandika.

Nimeanza na mbolea kwa makusudi, maana vijana wengi ninaowatembelea wanadhani fomati ni urembo: rangi, mistari, herufi nene. Urembo ni sehemu ndogo. Fomati ndiyo inayoiambia Excel namba uliyoiandika ni nini: tarehe, saa, pesa, au maandishi tu. Ndani ya seli, tarehe 15/03/2025 haipo. Kilichopo ni 45731, yaani idadi ya siku tangu mwanzo wa mwaka 1900 kwa hesabu ya Excel. Fomati ndiyo inayoivalisha hiyo namba nguo za tarehe. Ukihamisha namba na kuacha nguo, mnunuzi wako atapokea faili linalosema ulipiga dawa "tarehe 45731".

Na tarehe ndizo zinazouma zaidi, kwa hiyo nitakaa hapo.

Kuna kikundi cha vijana wanaolima maharage machanga ya kusafirisha nje. Wanajua kazi. Daftari la shambani lina kila kitu: kitalu, dawa, kipimo, aliyepiga, siku ya kupiga, siku ya kuvuna. Dada anayetunza rekodi alikuwa anaziingiza kwenye programu ya simu, halafu anazitoa kama faili la CSV. Mnunuzi akawatumia fomu yake ya Excel akitaka wajaze rekodi za msimu mzima kabla ya kupokea mzigo. Dada akaenda steshenari mjini, akafungua CSV, akakopi, akapesti, akatuma. Kesho yake simu ikalia: "Bwana shamba, wanasema mzigo haupokelewi, rekodi zetu za uongo."

Tulipozifungua pamoja tuliona kilichotokea. Kompyuta ile ilikuwa kwenye mpangilio wa Marekani, ambako mwezi unatangulia siku. Dawa iliyopigwa 01/03, yaani tarehe 1 Machi, ikasomwa kama tarehe 3 Januari. Mavuno ya 09/03 yakawa tarehe 3 Septemba. Kwenye karatasi wao walisubiri siku 8, na lebo ya dawa ilitaka 7. Kwenye fomu ya mnunuzi ikatoka siku 243. Mstari mwingine ulikuwa wa ajabu zaidi: walipiga 10/03 na kuvuna 02/04, fomu ikasema walivuna siku 241 kabla ya kupiga dawa. Na pale ambapo siku ilizidi 12, kwa mfano 20/03, Excel ilishindwa kabisa kwa sababu hakuna mwezi wa 20. Ikaiacha kama maandishi, na fomula ya mnunuzi ikajibu #VALUE!

Angalia ubaya wa jambo hili. Kama tarehe zote zingeharibika, mtu angeshtuka mapema. Lakini kuanzia tarehe 1 hadi 12 zinageuka kimya kimya, na kuanzia 13 zinabaki kama ulivyoandika. Ukitupa jicho haraka, kolamu inaonekana nzima.

Daftari la karatasi ndilo lililowaokoa. Mnunuzi alipigiwa picha za kurasa, akaelewa, ila siku 2 zilikwisha, na maharage machanga hayakai siku 2 bila baridi. Sehemu kubwa iliuzwa sokoni kwa bei ya kuokoa mfuko. Simlaumu mnunuzi. Anayetaka cheti cha GLOBALG.A.P. lazima aonyeshe ni lini kila kitalu kilipigwa dawa na ni lini kilivunwa, na mkaguzi hana njia ya kujua kama tarehe imegeuzwa na kompyuta au na wewe.

Sasa, unajikinga vipi?

Ukiwa unatoa tarehe kwenye simu, WhatsApp au CSV, andika mwaka kwanza: 2025-03-01. Mtindo huo Excel inausoma vilevile, kompyuta iwe na mpangilio wa Marekani au wa Uingereza. Kwenye Google Sheets, kila faili lina mpangilio wake wa nchi: nenda "File", "Settings", kwenye "Locale" chagua United Kingdom, siku itatangulia mwezi. Fanya hivyo kabla ya kuingiza data, si baada.

Kama faili limeshaharibika, usihangaike kulinyoosha tarehe moja moja. Zile zilizogeuka na zilizo sahihi zinafanana sura, hutazitofautisha. Rudi kwenye CSV ya mwanzo na uiingize upya kupitia "Data", halafu "From Text/CSV", badala ya kuibonyeza mara mbili ifunguke yenyewe. Hapo unapata nafasi ya kuieleza Excel kwamba kolamu hii ni tarehe na siku inaanza.

Kuna kipimo kidogo ninachokitumia kila siku. Kwenye kolamu ya tarehe, ondoa mpangilio wowote wa kusogeza kushoto au katikati. Tarehe za kweli zitakaa upande wa kulia wa seli. Zilizobaki maandishi zitakaa kushoto. Kolamu ikiwa na mchanganyiko wa kulia na kushoto, kuna tatizo hapo, hata kama hujaliona bado.

Tuje kwenye kupesti kwenyewe. Wengi mnajua Ctrl+C na Ctrl+V basi. Ctrl+V ya kawaida kati ya faili mbili za Excel inabeba karibu kila kitu: thamani, fomula, rangi, mipaka, fomati ya namba. Haibebi upana wa kolamu, ndiyo maana unapata zile alama ##### ukidhani data imepotea. Haijapotea, kolamu ni nyembamba. Baada ya kupesti, bonyeza Ctrl+Alt+V, chagua "Column widths", upana unakuja. Urefu wa mistari unakuja tu kama ulikopi mistari mizima kwa kushika namba zake pembeni.

Lakini Ctrl+V ina hasara kubwa unapojaza fomu ya mtu mwingine. Inafuta kilichokuwepo. Kama mnunuzi au benki wameweka orodha ya kuchagua kwenye seli, mfano majina ya dawa zilizoruhusiwa, ukipesti juu yake orodha inaondoka na ya kwako inakaa. Kwa kazi hiyo, bonyeza Ctrl+Alt+V kisha chagua "Values and number formats". Inaweka thamani pamoja na fomati yake ya namba, inaacha fomula zako nyumbani, na haigusi rangi wala mipaka ya mwenye fomu. Kwa maoni yangu hiki ndicho kitufe cha kwanza kijana anayefanya biashara ya kilimo anatakiwa kukijua kwenye Excel, kabla hata ya SUM.

Ukitaka kuhamisha ukurasa mzima, mfano bajeti ya nyanya ya msimu uliopita kwenda faili la msimu huu, usikopi seli kabisa. Fungua mafaili yote mawili, bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya kwenye jina la ukurasa pale chini, chagua "Move or Copy", chagua faili unalolipeleka, weka tiki kwenye "Create a copy". Kila kitu kinahama: upana, urefu, masharti ya rangi, hata mpangilio wa kuchapisha. Jambo moja tu la kuangalia: fomula zilizokuwa zinachukua bei kutoka ukurasa mwingine zitaendelea kuchukua bei za faili la zamani. Ukiona mabano ya mraba yenye jina la faili ndani ya fomula, ndiyo hiyo. Bajeti yako ya mwaka huu inatumia bei ya mbolea ya mwaka jana, na utaigundua dukani.

Namba ndefu nazo zina ugonjwa wake. Namba ya simu inayoanza na 07 au 06 inapoteza sifuri ya mbele. Ukiandika kwa mtindo wa 255, inakuwa na tarakimu 12, na Excel kwenye fomati ya kawaida inaionyesha kama 2.55 na mkia wa E+11. Ukilihifadhi faili likiwa hivyo kama CSV ili ulipe vibarua kwa simu, kinachoandikwa ni kile kinachoonekana, si namba kamili. Vibarua 20 wanaweza kutoka na "namba" moja.

Ya NIDA ni mbaya zaidi. Ina tarakimu 20, na Excel inatunza tarakimu 15 tu za namba. Ukiiandika bila vistari, tarakimu 5 za mwisho zinakuwa sifuri papo hapo, na hakuna fomati itakayozirudisha. Kikundi kinachoomba mkopo wa halmashauri kikipeleka orodha ya namba zinazoishia na sifuri tano, msitegemee kusikilizwa. (Ule mgawo wenyewe wa mikopo, 4:4:2, ukiuandika kwenye Excel unakuwa saa kumi na dakika nne alfajiri. Imewapata hadi wanasayansi: mwaka 2020 kamati ya HGNC, inayotoa majina ya vinasaba vya binadamu, ilitoa mwongozo mpya, na majina kama MARCH1 yakabadilishwa kwa sababu Excel ilikuwa inayageuza kuwa tarehe.)

Dawa ya yote haya ni moja, na inawekwa kabla ya kupesti. Chagua kolamu inayopokea, bonyeza Ctrl+1, chagua "Text", halafu ndipo upesti, na ukiulizwa chagua "Match Destination Formatting". Fanya hivyo kwa simu, NIDA, aina ya mbolea, na namba za vitalu kama 3-4, ambayo ukiiacha hivihivi itakuwa tarehe 3 Aprili au 4 Machi kutegemea kompyuta. Kwa seli moja moja, tanguliza alama ya ' mbele ya namba.

Kwa uzito fanya kinyume chake. Usiandike "45 kg" ndani ya seli, kwa sababu hayo ni maandishi na SUM itayaruka bila kukuambia. Andika 45, kisha Ctrl+1, "Custom", andika 0" kg". Utaona 45 kg, Excel itaona 45. Ukipesti thamani tupu mahali pengine, neno kg litaondoka lakini jumla yako itabaki sahihi.

Mwisho, rangi. Naona vijana wengi wanapaka kijani kitalu kilicho tayari kuvunwa na nyekundu kile ambacho dawa haijaisha muda wake. Kwa macho inasaidia sana. Lakini rangi ndiyo ya kwanza kuanguka njiani: ukipesti thamani tupu haipo, kwenye CSV haipo, ukikopi kwenda WhatsApp haipo. Ongeza kolamu inayoitwa "Hali" na uandike kwa maneno: "subiri" au "vuna". Anayesimamia wavunaji saa kumi na mbili asubuhi anasoma orodha hiyo kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, na anahitaji kujua kitalu gani hakiguswi leo.