Kakao ya Beni: jina la nani liandikwe?

Ndugu wanakoperative, tunapopita Beni na telefone kuchukua alama ya GPS ya kila shamba la kakao, mashine inamaliza kazi kwa dakika chache. Kinachotuchelewesha ni jina.

Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 inataka ijulikane kakao na kahawa zilitoka shamba gani, na kwamba pori halikukatwa pale baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Shamba lisilopita hektari 4, alama moja inatosha. Likipita, tunazunguka mipaka yote. Hiyo ni biashara. Lakini kwetu shamba ni la jamaa. Mjane ndiye analima, anavuna, anakausha. Shamba lenyewe ni la shemeji yake, na mwenye udongo wa zamani angali anangoja mbuzi wake. Tena sheria ya Kongo ya 1973 inasema bulongo ni ya Leta!

Mkutanoni wazee walisema: andika mwenye shamba. Wamama wakauliza: basi siku ya kulipwa nani atasaini? Mwaka 2024 beyi ilipita dola 10,000 kwa tani (kwa soko la dunia, si kwa mzani wetu), na ndugu waliosahau shamba wakalikumbuka.

Sisi tunaona fishi ibebe majina mawili, mwenye udongo na mwenye kulima, na franga zipokelewe na yule aliyelima. Wazee wengine hawajakubali. Upande wa Butembo, kwenye kahawa, muzungumze nyumbani mbele tufike.