Simu Ikilia Ukiwa Kwenye Usukani: Hatari Haiko Mkononi Tu

Hebu tuanze na hesabu ya saa. Ukitoka nyumbani kwako hapa Pickering saa moja asubuhi kwenda kazini, kule Dar es Salaam, Mombasa na Kampala ni saa tisa alasiri wakati wa baridi, na saa nane mchana wakati wa kiangazi. Watu wa nyumbani wameshakula, wametulia, na wanajua kuwa wewe sasa umeamka. Ndipo simu inapolia. Na kwa wale wanaotoka shifti ya jioni saa tano usiku, kule nyumbani ndiyo kwanza kunakucha, na simu inalia vilevile.

Maana yake ni kwamba simu nyingi za nyumbani hutufikia wakati ule ule tunapokuwa barabarani. Nazo si simu za salamu tu. Mama amelazwa hospitali. Ada ya shule haijalipwa. Kuna msiba, na watu wanauliza mchango wako. Huwezi kuisikiliza simu ya namna hiyo kwa nusu ya akili. Hapo ndipo hatari ilipo.

HATARI IKO WAPI HASA?

Wengi wetu tunadhani hatari ya simu ni mkono. Tunasema, "Mimi natumia Bluetooth, mikono yote miwili iko kwenye usukani, sina tatizo." Lakini dereva anahitaji vitu vitatu kwa wakati mmoja: macho yaangalie barabara, mikono ishike usukani, na akili iwe pale pale garini. Bluetooth inakurudishia mikono. Akili haikurudishii.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, wamelichunguza jambo hili kwa miaka mingi wakitumia magari ya kuigiza. Waliona kuwa dereva anayeongea kwenye simu, hata asipoishika, anaweza kukitazama kitu kwa macho yake na asikione. Macho yanafika, lakini ubongo haupokei habari. Ndiyo maana baada ya ajali utamsikia mtu akisema kwa dhati kabisa, "Sikumwona, alitokea ghafla." Huenda mwenda kwa miguu hakutokea ghafla. Alikuwepo muda wote, ila akili ya dereva ilikuwa Tanga.

UTAFITI ULIOFANYIKA HAPA HAPA TORONTO

Huna haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi. Utafiti mmoja mashuhuri sana duniani kuhusu jambo hili ulifanyika Toronto. Donald Redelmeier, ambaye ni daktari, na Robert Tibshirani, ambaye ni mtaalamu wa takwimu, waliutoa mwaka 1997 katika jarida la New England Journal of Medicine.

Walichukua madereva 699 waliokuwa na simu za mkononi na ambao magari yao yalipata ajali yenye hasara kubwa ya mali. Kisha wakapitia kumbukumbu za simu zao, zaidi ya simu 26,000 kwa muda wa miezi 14. Wakalinganisha dakika zilizotangulia ajali na saa kama hiyo hiyo ya siku iliyotangulia. Dereva ni yule yule. Kilichobadilika ni simu.

Matokeo yalikuwa haya: hatari ya kupata ajali wakati wa kutumia simu ilikuwa takribani mara nne ya wakati usipoitumia. Walisema hatari hiyo inakaribia ile ya mtu anayeendesha akiwa na kiwango cha pombe kinachofikia mpaka wa sheria. Na jambo la kushangaza zaidi ni kwamba waliotumia simu bila kuishika hawakuonekana kuwa salama kuliko walioishika. Shirika la Afya Duniani nalo linasema hivyo hivyo hadi leo: hatari ni kama mara nne, na simu isiyoshikwa mkononi si salama sana kuliko ile inayoshikwa.

Fikiria, ndugu. Kuna watu kati yetu ambao hawawezi kugusa pombe kisha waendeshe gari, wengine hawaigusi kabisa maishani. Lakini huongea na simu kutoka Pickering hadi katikati ya Toronto bila wasiwasi wowote.

MBONA TUNAONGEA NA ABIRIA?

Hili ni swali zuri. Abiria aliyekaa pembeni yako anaiona barabara. Lori likikuingilia mbele, yeye mwenyewe hunyamaza, au hukwambia, "Angalia!" Lakini shangazi aliyeko Kisumu haoni lori wala theluji. Yeye anaendelea kueleza, na kwa kuwa ni mkubwa kwako, unaona haya kumkatiza. Heshima yetu kwa wakubwa ni kitu kizuri, lakini ukiwa kwenye usukani inaweza kukufanya ushindwe kusema neno moja tu: "Subiri."

MESEJI NI MBAYA ZAIDI

Ikiwa kuongea kunachukua akili, meseji inachukua vyote vitatu: macho, mkono na akili. Piga hesabu. Kwenye barabara kuu ya 401, ukiwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, gari linakwenda karibu meta 28 kila sekunde. Ukiinamia simu kwa sekunde tano kusoma meseji ya WhatsApp, umekwenda karibu meta 140 bila kuangalia mbele. Huo ni urefu unaozidi uwanja mzima wa mpira. Hata barabara za mjini, kwa mwendo wa kilomita 60, sekunde tano ni zaidi ya meta 80. Na wakati wa barafu gari linahitaji nafasi ndefu zaidi ili lisimame, hivyo hata ukiinua macho na kukanyaga breki, huenda umeshachelewa.

SHERIA YA ONTARIO INASEMAJE?

Ontario ilipiga marufuku kushika simu wakati wa kuendesha gari tangu tarehe 26 Oktoba 2009. Adhabu ziliongezwa kuanzia Januari 2019. Kwa mwenye leseni kamili, kosa la kwanza ni faini ya dola 615, na inaweza kufika dola 1,000 ukienda mahakamani na ukashindwa. Juu yake unapata pointi tatu za makosa, na leseni inasimamishwa siku 3. Kosa la pili inasimamishwa siku 7, na la tatu siku 30, na faini yake inaweza kufika dola 3,000.

Wageni wengi bado wana leseni ya G1 au G2. Kwao adhabu ni kali zaidi: leseni husimamishwa siku 30 kwa kosa la kwanza, siku 90 kwa la pili, na kwa la tatu hufutwa kabisa, ukaanza upya. Kwa ndugu anayeishi kwa kuendesha teksi au kupeleka mizigo, siku 30 ni kodi ya nyumba ya mwezi.

Usidhani taa nyekundu inakuokoa. Mwaka 2013 Mahakama ya Rufaa ya Ontario iliamua kesi ya dereva ambaye simu yake ilianguka sakafuni aliposhika breki. Aliiokota akiwa amesimama kwenye taa nyekundu. Mahakama ilisema kuishika tu, hata kwa muda mfupi, ni kosa. Sheria inakuruhusu kupiga 911 wakati wa dharura, na kutumia simu iliyofungwa imara au ya Bluetooth. Lakini kumbuka tuliyoyasema: kinachoruhusiwa na sheria si lazima kiwe salama.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi wahamiaji. Ajali ikiumiza au kuua mtu, polisi wanaweza kukushtaki kwa kosa la jinai la kuendesha gari kwa hatari. Tangu Desemba 2018 kosa hilo lina kifungo cha hadi miaka 10, hata kama hakuna aliyeumia. Chini ya sheria ya uhamiaji ya Kanada, kosa la uzito huo linaweza kumfanya mkazi wa kudumu ambaye hajapata uraia apoteze haki ya kubaki nchini, hata kama alifungwa siku chache. Ukifikishwa hapo, tafuta wakili kabla hujakubali kosa lolote.

UFANYE NINI?

1. Kabla ya kuwasha gari, zima mlio wa simu na uiweke mahali usipoifikia: kwenye mkoba, kiti cha nyuma, au kwenye buti. Simu nyingi za siku hizi zina mpangilio wa kujibu zenyewe kwamba unaendesha gari.

2. Waambie watu wa nyumbani saa zako. Si kwa ukali, bali kwa kuwaeleza: "Saa tisa alasiri yenu mimi niko barabarani. Nipigieni saa kumi na moja." Wazee wakijua kuwa simu yao inaweza kukuua, wao ndio watakuwa wa kwanza kuwakataza wengine.

3. Panga ishara ya dharura. Kwa mfano, wakipiga mara tatu mfululizo, utajua kuna jambo zito, utatoka barabarani na kupiga. Hivyo hutakuwa na hofu kila simu inapolia.

4. Ukiwa kwenye 401, usisimame pembeni ya barabara kwa ajili ya simu. Hapo ni mahali pa dharura tu, na ni hatari. Toka Whites Road au Brock Road, tafuta maegesho, paki, ndipo upige.

5. Nawe ukimpigia mwenzako, anza na swali: "Unaendesha?" Akisema ndiyo, mwambie, "Nitakupigia baadaye," kisha ukate.

6. Ukipokea habari ya msiba, usiendeshe mara moja hata baada ya kukata simu. Kaa kidogo, kunywa maji, au muombe mtu akuendeshe.

7. Watoto walioko kiti cha nyuma wanakuona. Baada ya miaka michache wao ndio watakaokuwa na G1, na wataendesha kama ulivyoendesha wewe.

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Habari ya nyumbani iliyosubiri dakika ishirini bado ni habari ile ile. Na wale wanaokupigia kila asubuhi wanakutegemea ufike kazini, na jioni urudi nyumbani ukiwa mzima. Tuendeshe kwa usalama.