Unajiskia Fiti? Presha Haijali: Kwa Nini Upimwe Kabla Hujagonjeka

Wacha nikuulize swali moja. Mara ya mwisho ulipimwa presha lini? Na ile siku ulipeleka mtoto kliniki haihesabiki, aliyepimwa ni mtoto.

Kama huna jibu, usiskie vibaya, mko wengi. Utafiti mkubwa wa serikali wa 2015, ule wa STEPS, ulipata kuwa zaidi ya nusu ya watu wazima Kenya hawajawahi kupimwa presha hata siku moja. Sukari ndio mbaya zaidi, karibu watu 9 kati ya 10. Utafiti huo huo ukaonyesha karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne ana presha ya juu. Weka hizo hesabu mbili pamoja. Kwa mathree ya abiria 14, watatu hivi wana presha, na kuna mmoja hapo anabishana na konda juu ya chenji akidhani yuko sawa.

Shida ya presha ni kwamba haiumi. Malaria ikikushika unatetemeka, jino likioza hulali. Presha inakaa ndani miaka mingi na wewe uko tu poa, unaenda job, unapanda ngazi za keja mpaka juu kabisa, wikendi unacheza ball. Wasee wengi hungoja kichwa kiume ama shingo ikaze ndio waseme "hii ni presha." Zii. Wengi wenye presha hawaskii kitu chochote. Mashine ndio inajua.

Na hiyo mashine inasoma nini? Namba mbili. Ya juu ni nguvu ya damu kwa mishipa wakati moyo unasukuma. Ya chini ni wakati moyo umepumzika kidogo kabla ya kusukuma tena. Chini ya 120/80 uko fiti. Ikifika 140/90, na ukipimwa siku nyingine bado iko hapo, daktari ataiita presha ya juu. Shika hiyo ya siku nyingine, juu kuna watu hutoka kupimwa mara moja wakaanza kuandika wosia. Kahawa, fegi, kutembea mbio kutoka stage, hata mkojo ukikubana, zote zinapandisha namba. Kwa hivyo ingia choo kwanza, kaa dakika 5, mkono uwe juu ya meza, na usipige story. Ukipimwa ukiwa bado unahema, omba kwa heshima warudie.

Sasa fikiria mpira wa maji ambao mfereji umefunguliwa mpaka mwisho, usiku na mchana, miaka kumi. Lazima upasuke mahali. Kwa mwili ni hivyo tu. Mishipa ya ubongo ikishindwa, hiyo ni stroke. Moyo nao unachoka. Na figo, ambazo zimejaa vimishipa vidogo vidogo vya kuchuja damu, zinalala polepole bila kelele. Zikilala kabisa, maisha inakuwa dialisisi, mara mbili kwa wiki, kama masaa manne kila mara. Hapo ndio unaamka asubuhi ukapata umeongezwa kwa WhatsApp group, picha ya msee kitandani, namba ya paybill, na treasurer anauliza "nani mwingine?" Sisi tuko radhi kuchanga laki za hospitali, lakini soo ya kupimwa inatuuma. Hiyo hesabu mimi imenikataa.

Najua wengine mnasema, "afadhali nisijue." Siwacheki. Mtu anaogopa kuambiwa dawa ni za maisha akiwa na miaka 28. Lakini ikishikwa mapema, wakati mwingine daktari ataanza na chumvi, kilo, pombe na mazoezi. Shirika la Afya Duniani linasema chumvi isipite gramu 5 kwa siku, hiyo ni kama kijiko kimoja cha chai, na ndani ya hicho kijiko kuna ya smokie, ya crisps na ile unamwagia chips hata kabla ya kuonja. Ukipewa tembe, meza. Namba zikishuka usiache, zimeshuka juu unameza.

Doh nayo? Tangu Septemba 2023 kuna wahudumu wa afya wa mtaa, wale CHP, zaidi ya laki moja nchi nzima, na walipewa mikoba yenye mashine ya presha na ya sukari. Uliza chifu ama nyumba kumi wenu ni nani. Dispensari na health centre za serikali ziko chini ya mfuko wa afya ya msingi, kwa hivyo ukiwa umejisajili SHA hufai kulipa hapo. Kama foleni inakuchosha, chemist nyingi za mtaa zitakupima kwa pesa kidogo. Sukari nenda asubuhi kabla ya chai na mandazi, ndio namba isidanganye.

Wamama na wasupa, kuna hii nyingine. Kansa ya mlango wa kizazi huchukua miaka mingi kabla iwe kansa kamili, na kabla ifike hapo inatibika. Mwongozo wa Kenya unalenga zaidi wa miaka 25 mpaka 49, na kama unaishi na HIV unafaa kupimwa mara nyingi zaidi. Inachukua dakika chache, na unaweza kuomba muuguzi wa kike.

Ukisomewa 180/120 na uko na maumivu ya kifua, ama uso umelegea upande mmoja, ama maneno hayatoki vizuri, hapo usingoje kesho. Shika nduthi ama teksi uende hospitali saa hiyo.

Na kabla uende kupimwa, pigia mzae ama mathe simu. Presha na sukari hufuata damu ya familia. Wengi wetu tumeona ile karatasi ya tembe juu ya kabati miaka yote na hatujawahi uliza ni za nini, na hilo ni kati ya maswali ya kwanza daktari atakuuliza.